Kanga inavaliwa au mtu anajifunga? Jibu kwa fundi wa Majengo

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda hapa Majengo, Dodoma. Nashona magauni ya vitenge na sare za shule, nauza pia kanga na madera. Picha za wateja huwa nazituma kwenye makundi ya simu na kuweka maneno mawili matatu chini yake. Majuzi niliandika 'Mteja wetu anavaa gauni la kitenge', na kwenye picha nyingine 'Vaa kanga upendeze'. Dada mmoja wa Tanga akanijibu mbele ya watu wote kwamba kanga haivaliwi, kanga mtu anajifunga, na kwamba sisi watu wa bara tunaharibu lugha. Mwingine akaingilia, eti niseme 'amevalia'. Mume wangu anasema yote sawa, mradi watu wameelewa. Sasa nataka kumpa mchoraji kazi ya kibao na nichapishe vipeperushi, nimeshikwa na woga. Lipi sahihi? Na mteja nikimtia nguo mwilini ili nimpige picha, niandike nimemvisha, nimemvalisha au nimemvika? Nyumbani nimekua na Kigogo, Kiswahili nilikijulia shuleni."

Marahaba, fundi. Pole kwa kusahihishwa mbele ya wateja. Hata mtu anaposema kweli, kusema kwa namna hiyo kunauma, na kuhusu kanga yako hakusema kweli yote. "Vaa kanga upendeze" ni Kiswahili kisicho na doa, iache ilivyo. Sentensi yenye tatizo ni ile nyingine, "Mteja wetu anavaa gauni la kitenge", na tatizo lake halihusiani na kanga wala na bara.

Nianze na kanga, kwa sababu yule dada ameshika jambo la maana, ila amelivuta kupita kiasi.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kipana cha mavazi, nacho ni kuvaa. Tunavaa shati, viatu, kofia, miwani, saa, pete, hereni na bangili. Chochote kinachokaa mwilini kwa stara, kwa pambo au kwa kazi, kuvaa kunakitosha. Kanga imo humo humo. Hata huko pwani utamsikia mama akisema "leo navaa ile kanga yangu mpya", na hakuna anayeshtuka.

Lakini ndani ya uwanja huo wa kuvaa kuna vitenzi vingine vinavyoeleza mikono inafanya nini, na hapa ufundi wako unakusaidia kuelewa kuliko kitabu chochote cha sarufi. Nguo iliyoshonwa ina njia zake tayari: shingo, mikono, kiuno. Mwili unaingia, kazi imekwisha. Kitambaa kisichoshonwa hakina njia. Lazima ukipe umbo mwilini kila unapokitumia, na kila namna ya kukipa umbo ina neno lake.

Mtazame mama anayeinuka msibani kwenda kusaidia jikoni. Anaikung'uta kanga, anaipitisha nyuma ya kiuno, anazikutanisha ncha mbele, anavuta upande wa juu mpaka ukaze, kisha anakunja pembe na kuichomeka. Amejifunga kanga. Upande wa pili wa doti anaupandisha kichwani na kuushusha mabegani: amejitanda. Akishika mwiko wa ugali wa watu wengi, anauteremsha ule ule, anausokota na kuukaza kiunoni juu ya nguo zake: amejifunga kibwebwe. Ndiyo maana mtu anayefanya jambo kwa nguvu zake zote tunasema amejifunga kibwebwe, hata akiwa amevaa suti na tai. Mtoto akilia, upande huo unakuwa mbeleko. Akienda bombani, anauviringisha duara, unakuwa kata ya kutulizia ndoo kichwani. Kitambaa ni kimoja, sindano haijakigusa, na maneno yamebadilika kila mkono ulipobadilika.

Sasa kichukue kitambaa hicho, ukikate, ukishone gauni. Hakuna tena atakayesema "amejifunga gauni la kanga". Amelivaa. Mkasi wako ndio uliobadilisha kitenzi. Kitenge nacho vivyo hivyo: kikiwa bado yadi zake, mtu anajifunga, kikishapita kwenye cherehani, anakivaa tu. Shati huwezi kujifunga kabisa, isipokuwa umelivua ukaifunga mikono yake kiunoni kwa ajili ya joto la mchana.

Kwa hiyo kujifunga ni namna mojawapo ya kuvaa. Haliwi kosa kutumia neno pana mahali ambapo neno la ndani lipo, kama ambavyo si kosa kusema "amepika wali" wakati ungeweza kusema ameupika kwa nazi. Na ukibanwa tena, uliza swali hili: mzee wa Kigogo au wa Kimasai anayepitisha shuka juu ya bega moja na kuliacha la pili wazi, tunasema amefanya nini? Amevaa lubega. Amevaa mgolole. Ni kitambaa kisicho na mshono wa umbo lolote, na kitenzi ni kuvaa.

Maneno mengine ya aina hii yanabeba ushahidi ndani ya majina yao. Mtandio umeitwa hivyo kwa sababu mtu hujitanda, yaani huutandaza juu ya kichwa na mabega. Kilemba watu hukifunga, hukipiga, na pia hukivaa, yote yanakubalika. Tai hufungwa au huvaliwa. Ushungi wa kitambaa kitupu mtu hujitanda; ule ulioshonwa tayari, wenye tundu la uso, huvaliwa. Umeona sindano ilivyorudi tena.

Kwenye kipeperushi, basi, chagua kwa kuangalia unauza nini. Ukiuza kanga kama pambo, andika vaa. Ukitaka mteja akumbuke kazi zote ambazo doti moja inamfanyia, andika "Jifunge, jitande, mbebe mwanao". Mimi ningependa hiyo ya pili, kwa kuwa mwanamke akiisoma anaiona mikono yake mwenyewe.

Nikuonye juu ya mtego mmoja kabla hatujaondoka hapa. Kinyume cha vaa ni vua, cha funga ni fungua, cha tanda ni tandua. Kwa mantiki hiyo mtu angedhani aliyejifunga kanga akiiondoa "amejifungua". Usiandike hivyo kamwe, wateja wako watakuletea zawadi za mtoto. Kujifungua ni kuzaa. Sema ameifungua kanga, au ameivua. Kuvua nako kumepanuka sana, na sisi tunaokaa kwenye mji wa Bunge tunakusikia kila mara: mtu huvuliwa uwaziri, huvuliwa uanachama, huvuliwa madaraka, kana kwamba cheo kilikuwa joho. Na aliyeaibishwa hadharani tunasema amevuliwa nguo, jambo ambalo naona ndilo lililokupata kwenye lile kundi.

Sasa kosa lenyewe.

Kuvaa ni tendo fupi linaloacha hali nyuma yake. Tendo linaisha ndani ya dakika moja. Hali inaweza kudumu kutwa nzima. Kiambishi -na- kinasema kwamba tendo bado linaendelea, au kwamba ni mazoea. Kiambishi -me- kinasema tendo limekamilika na matokeo yake yapo mbele yako. Mgeni akigonga mlango ukamwambia "Subiri kidogo, baba anavaa", ataelewa kwamba mguu mmoja umo ndani ya suruali na wa pili bado uko nje. Ukimwambia "Baba amevaa", ajue baba yuko tayari kutoka.

Rudi kwenye picha yako. Mteja amesimama, zipu imefungwa, mkanda umekaa, uso umejaa tabasamu. Amevaa. Ukiandika "anavaa", msomaji unampeleka nyuma ya pazia la kujaribia, gauni likiwa bado limekwama shingoni. Sidhani kama hilo ndilo tangazo ulilokusudia.

Huu si utaratibu wa mavazi peke yake. Kuna kundi zima la vitenzi vya kukaa mwilini na vya hali ambavyo vinakwenda hivi: amelala, amesimama, ameketi, amechuchumaa, ameinama, amebeba, ameshika, amenyamaza, amechoka. Mtoto aliyepitiwa na usingizi mkekani huwezi kusema "analala", labda kama unaeleza mahali anapolala kila siku. Utasema amelala. Kanuni hiyo unaitumia tangu zamani bila kufikiri. Kwenye maandishi ndiko inakoponyoka. Nadhani Kiingereza cha shuleni kinachangia, kwa kuwa chenyewe huitazama hali ya mtu aliyevaa kama jambo linaloendelea, na anayetafsiri kichwani anavutwa kwenye -na-.

Kwenye mazoea, "anavaa" ni sahihi kabisa. "Wanafunzi wa shule ile wanavaa sketi za bluu." "Mama yangu anavaa saizi kubwa." Na kuna lile la mtaani, "jamaa anavaa!", yaani ana jicho la mavazi, kila akitoka anapendeza. Hilo ukiliandika kwa sifa ya mteja, hakuna wa kukusahihisha.

Pana sehemu moja ambayo huwatatiza hata walimu, nayo itakufaa sana kwenye picha zenye watu wengi. Ukitaka kumtambulisha mmoja wao, sema "Aliyevaa gauni la njano ndiye bibi harusi wetu". Usiogope ile -li- ukadhani inamaanisha zamani. Katika Kiswahili sanifu kiambishi -me- hakikai pamoja na kirejeshi (kama ile -ye- ya "aliyevaa") ndani ya kitenzi, kwa hiyo -li- imebeba kazi ya hali iliyopo sasa pia. Ukisema "anayevaa gauni la njano", unamzungumzia mtu ambaye gauni la njano ndilo mazoea yake. Na kama unasimulia jambo lililopita, fuata mtindo wa matangazo ya watu waliopotea: "mara ya mwisho alikuwa amevaa fulana nyekundu".

Yule wa "amevalia" alikuwa karibu na ukweli, maana aliona kuwa -me- inahitajika. Ila -i- ile ya katikati ya valia inaongeza kitu: namna, mahali, au shughuli. Amevalia rasmi. Amevalia kienyeji. Shati la kuvalia ndani ya koti. Suti aliyovalia siku ya harusi. Watangazaji wa habari wanaipenda, nayo ina uzito wake, kwa mfano mtu anapolivalia njuga jambo, kama mcheza ngoma aliyefunga njuga miguuni na kuingia uwanjani kwa dhati. Kwa picha ya gauni la kitenge, "amevaa" inatosha, tena inasomeka haraka. "Amevalia" nisingekukataza, lakini ukiiweka chini ya kila picha inachosha.

Sasa visha, valisha na vika.

Umewahi kujiuliza kwa nini tunasema vaa, lakini valia, valisha, valiwa? Ile l inatoka wapi? Ilikuwamo tangu zamani. Wachewa wa Malawi mpaka leo wanasema kuvala. Kiswahili kiliiangusha l mwishoni mwa kitenzi, kisha kikaendelea kuihifadhi kila kinaponyambuliwa. Ikikutana na i ya kutengenezea nomino inageuka z, ndipo tunapata vazi na mavazi. Familia hii ina ndugu: zaa, zalia, zalisha, na mzazi, kaa, kalia, kalisha, na mkazi. Ukishaiona njia hiyo, "valisha" hutaiona tena kama neno la kubuni.

Nimemvisha na nimemvalisha yote ni sahihi na yanabadilishana nafasi. Kwa masikio yangu, "valisha" inakaa vizuri zaidi pale unapomsaidia mtu ambaye hawezi mwenyewe, kama mtoto ("mvalishe sweta, upepo wa Julai umeanza"), na "visha" inakaa vizuri kwa mtu mzima na kwa kazi yako ya ufundi. Lakini hilo ni sikio langu, si sheria. Vika ina heshima ndani yake: mtu huvikwa taji, huvikwa nishani, na wanaosoma Biblia wanaikuta mara kwa mara. Pete ya uchumba utasikia yote matatu, kumvika, kumvisha, kumvalisha, na maharusi hawagombani kwa hilo. Kwenye kipeperushi chako ningeandika "Tunavisha maharusi na wasimamizi wao". Fupi, na kila mtu analijua.

Mume wako ana haki kwa upande mmoja. Mkiwa mnazungumza kibandani, kueleweka kunatosha, na mtu anayekatiza mazungumzo kila dakika kusahihisha anaharibu biashara na urafiki. Kibao ni kitu kingine. Kinasomwa na wasiokujua, kwa miaka, wala huwezi kukieleza ulichokusudia.

Kwa hiyo kagua na upatanisho wa maneno, maana vibao vingi vinaangukia hapo. Nguo ni ile ile ikiwa moja au nyingi: nguo nzuri inapatikana, nguo nzuri zinapatikana, "manguo" liache mtaani. Gauni, shati, koti na dera ni la na ya: gauni zuri, magauni mazuri, shati langu. Suruali, sketi, kanzu, kofia na kanga ni ya na za: suruali nyeusi imeisha, suruali nyeusi zimeisha. Kitenge, vitenge vipya vimefika. Na kama unataka kusema huuzi nguo zilizokwishavaliwa, andika "mitumba", kwa wingi na herufi ndogo. Hapa kwetu Mtumba ni mahali, ulipo Mji wa Serikali, na "hatuuzi nguo za Mtumba" inaweza kusomwa vingine na mgeni aliyehamia juzi.

Limebaki lile la bara kuharibu lugha. Kiswahili sanifu hakikutolewa Tanga wala Dodoma. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha kwa ajili ya maeneo yote ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu amejifunza sehemu yake, mtu wa pwani pia. Mombasa kanga wanaiita leso. Viatu vya kuogea wapo wanaoviita kandambili, wapo wanaoviita malapa, wapo wanaoviita ndala. Hakuna aliyevunja chochote. Kiswahili ulichokijulia shuleni ni chako kwa ukamilifu, na mtu asikufanye uandike kwa kutetemeka.

Pamoja na hayo, wasikilize wanawake wa pwani wanapozungumzia kanga, kwa sababu wameishi nayo muda mrefu na wana maneno mazuri kwa kila sehemu yake: pindo ni mpaka unaozunguka, mji ni uwanja wa katikati, na jina ni yale maandishi. Mteja anayeuliza "jina lake nini?" anataka umsomee maandishi, na muuzaji asiyejua hilo anapoteza mauzo. Huyo dada wa Tanga ningemwandikia faraghani, nimshukuru kwa "kujifunga", nimweleze kwa upole kuwa na "kuvaa" imo, kisha nimwulize anajua majina gani ya mitindo ya kujifunga. Anaweza akawa mteja wako wa kudumu.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshelezi. Kama kipeperushi kitaambatana na maombi ya zabuni, kwa mfano kushona sare za shule au za ofisi, usitegemee mimi wala makundi ya simu. Mpelekee mtu aisome yote ana kwa ana: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu nawe, walimu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dodoma, au BAKITA, ambao kazi hiyo ya kuhakiki lugha ni yao. Na kama siku moja utataka kuuza mavazi ya asili ya Kigogo, shanga zake na ngozi zake, usiyape majina ya Kiswahili ya kubahatisha. Nenda Mvumi, Bahi au Kongwa, ukae na mabibi waliowahi kuyavaa, wakutajie kila kipande kwa Kigogo na namna kinavyokaa mwilini. Wewe lugha hiyo unayo tangu utotoni, faida ambayo mimi sina.

Kwa mchoraji, usimtajie maneno kwa mdomo. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, neno moja moja, umwachie nakala na ubaki na yako. Akishapiga mistari ya penseli, pita ukaisome kabla hajafungua kopo la rangi.